Faini ya dereva si fidia ya aliyegongwa

MTU akigongwa na gari akiwa juu ya baiskeli yake, kabla hata damu haijafutwa barabarani utasikia maneno mawili. La kwanza ni "hiyo ni kadari". La pili ni "jamani, tuyamalize". Maneno yote mawili yana asili njema. Muislamu anaamini kadari, kheri yake na shari yake, na kupatana ni katika mambo yanayopendeza. Lakini maneno haya haya, yakisemwa kwa haraka mbele ya mtu aliyevunjika mguu na asiyejua haki yake, yamekuwa mlango wa dhulma. Majeruhi anapewa noti chache, anatia saini karatasi asiyoisoma, na miezi sita baadaye familia inauza kiwanja kumtibu.

Ndugu msomaji, makala hii ina lengo la kusomeshana hatua kwa hatua namna mwendesha baiskeli aliyegongwa na chombo cha moto anavyoweza kudai fidia hapa Tanzania Bara. (Zanzibar ina sheria na mahakama zake, ingawa mengi ya misingi yanafanana.) Tumechagua mwendesha baiskeli kwa sababu yeye ndiye mnyonge wa barabara. Hana bodi ya kumkinga, hana mkanda wala bima yake mwenyewe, na mara nyingi baiskeli hiyo ndiyo duka lake. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kuwa ajali za barabarani ziliua watu wapatao milioni 1.19 duniani katika mwaka 2021, na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki.

Kadari haifuti dhamana

Tuanze na hili la kadari, maana ndilo linalowanyamazisha wengi. Ni kweli kwamba lililomfika mja halikuwa la kumkosa. Lakini je, imani hiyo inamwondolea wajibu aliyesababisha madhara? Wanazuoni wa fiqhi hawakusema hivyo. Walichosema ni kwamba kukosea bila kukusudia kunaondoa dhambi, ila hakuondoi dhamana ya kilichoharibika. Ukivunja chungu cha jirani yako kwa bahati mbaya, Mwenyezi Mungu hakuandikii dhambi ya kukusudia, lakini chungu utakilipa. Ikiwa chungu kinalipwa, vipi mguu wa mtu?

Aya ya 92 ya Suratun Nisaa imeweka hukumu ya anayemuua muumini kwa makosa, nayo ni pamoja na diya kukabidhiwa jamaa wa marehemu, isipokuwa wao wenyewe wakisamehe na kuifanya sadaka. Tuzingatie mpangilio huo. Haki imethibitishwa kwanza kuwa ni ya wenye msiba, kisha wao ndio wakapewa mlango wa kusamehe. Hakuna mahali ambapo mkosaji, wala tajiri wake, wala mpita njia amepewa ruhusa ya kusamehe kwa niaba yao. Vitabu vya fiqhi vimekwenda mbele zaidi vikaainisha malipo ya viungo, jino, kidole, jicho na mfupa, kila kimoja na kiwango chake.

Kwa hiyo anayedai fidia kwa njia ya haki hajapingana na kadari. Na anayesamehe naye amefanya jambo kubwa, kwa sharti moja: awe anajua anachosamehe. Mtu hawezi kutoa sadaka mali ambayo hajui kuwa ni yake.

Ajali moja, kesi mbili

Kosa linalowapotezea watu haki zao kuliko mengine ni kudhani kwamba kesi ya trafiki ndiyo kesi ya majeruhi. Ieleweke wazi: ajali moja huzaa mambo mawili tofauti.

La kwanza ni kesi ya jinai. Hii ni baina ya Jamhuri na dereva. Dereva anashitakiwa, kwa mfano, kwa kuendesha gari kwa uzembe kinyume cha Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Akipatikana na hatia anaweza kutozwa faini au kufungwa. Faini hiyo inakwenda serikalini. Majeruhi katika kesi hii ni shahidi, na kwa kawaida anatoka mahakamani kama alivyoingia. Mahakama ya jinai inao uwezo wa kumwamuru mkosaji amlipe fidia aliyeumizwa, na si vibaya kumkumbusha mwendesha mashitaka aiombe, lakini mtu asijenge matumaini yake yote hapo.

La pili ni dai la madhara, ambalo ni kesi ya madai. Hii ni baina ya majeruhi na waliomsababishia hasara. Hapa hakuna askari atakayemfungulia. Asipodai mwenyewe, hakuna atakayedai. Uzito wa ushahidi nao si sawa. Katika jinai kosa lazima lithibitishwe pasi na kuacha shaka ya msingi. Katika madai inatosha kuonyesha kwamba maelezo ya mdai yana uwezekano mkubwa wa kuwa kweli kuliko ya mdaiwa.

Hata hivyo kesi hizi mbili ni ndugu. Chini ya Sheria ya Ushahidi, hukumu ya mwisho ya jinai, muda wa rufaa ukishapita, huchukuliwa kuwa ushahidi kamili kwamba aliyetiwa hatiani alitenda kosa. Maana yake, dereva aliyekiri kosa mbele ya hakimu na kulipa faini hawezi kwa urahisi kuja kwenye kesi ya madai akasema hakuwa na kosa. Kwa hiyo majeruhi aifuatilie kesi ya trafiki mpaka mwisho, na aombe nakala ya hukumu. Dereva aliyelipa faini "akamaliza" amekwisha kumjengea majeruhi nusu ya nyumba.

Nani hasa anadaiwa?

Wengi hukata tamaa mapema kwa kusema, "Yule dereva mwenyewe hana kitu, nitamdai nini?" Dereva si peke yake.

Kwanza, ni dereva mwenyewe, kwa sababu uzembe ni wake.

Pili, ni mwenye gari. Dereva aliyeajiriwa akisababisha ajali katika kufanya kazi ya tajiri wake, tajiri naye anawajibika kisheria. Ndiyo maana ni muhimu kujua gari lilikuwa la nani na lilikuwa katika shughuli gani: daladala ikiwa njiani na abiria, lori likiwa limebeba mchanga wa tajiri, au pikipiki ikipeleka mzigo wa duka.

Tatu, ni kampuni ya bima. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inalazimisha kila chombo cha moto barabarani kuwa na bima ya kuwalinda watu wengine, ile ambayo mitaani tunaiita bima ndogo. Pikipiki za bodaboda nazo zimo. Bima hii haikuwekwa kwa ajili ya bati la gari. Imewekwa kwa ajili ya mtu wa tatu, na mwendesha baiskeli ni mmoja wa hao. Ile stika ndogo ya bima ni ahadi iliyokwisha kulipiwa kwa ajili ya yule atakayegongwa.

Utaratibu wake ni huu: kwa kawaida majeruhi anawadai dereva na mwenye gari, akipata hukumu dhidi yao, kampuni ya bima inawajibika kuilipa chini ya sheria hiyo. Kabla ya kufika huko, kampuni nyingi hukubali kuzungumza na kulipa kwa mapatano pale nyaraka zinapokuwa kamili.

Baadhi ya ndugu zetu huuliza: je, fedha ya bima ni halali kuipokea, ikiwa masheikh wengi wanaikataza bima ya kibiashara? Swali ni zuri. Tuangalie nafasi ya majeruhi. Yeye hakuingia mkataba wowote wa bima. Anachodai ni dhamana ya madhara yaliyomfika, na deni hilo liko juu ya aliyemdhuru. Anayelilipa kwa niaba ya mdaiwa, na mkataba wao huko nyuma, ni jambo baina yao. Mwenye kutaka utulivu zaidi wa moyo amuulize mwanachuoni anayemwamini, lakini asiache dai lake kwa kudhania tu.

Ikiwa gari ni la Serikali, kuna jambo la ziada. Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali inataka itolewe notisi ya siku 90 kabla ya kufungua shauri. Na ikiwa mwendesha baiskeli ni mwajiriwa aliyeumia akiwa kazini, kwa mfano tarishi au mlinzi aliyetumwa na ofisi yake, upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, ambao mwajiri anautolea michango. Ajali itolewe taarifa huko mapema.

Siku za mwanzo ndizo zinazoamua

Madai mengi hayafi mahakamani. Hufa katika wiki ya kwanza, kwa kukosa karatasi. Yafuatayo yafanywe na majeruhi, na kama hajiwezi, yafanywe na ndugu yake:

1. Uhai kwanza. Majeruhi apelekwe hospitali. Hakuna ushahidi wenye thamani kuliko roho ya mtu.

2. Namba ya gari. Mtu aliye karibu aiandike namba ya usajili, ajina la kampuni lililochorwa ubavuni, na maelezo ya stika ya bima. Siku hizi kila mtu ana simu: apige picha ya gari, baiskeli, alama za breki na mahali penyewe kabla vitu havijasogezwa. Kwa kutumia namba ya usajili, mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) huonyesha kama gari lina bima na ni ya kampuni ipi.

3. Mashahidi. Chukua majina na namba za simu za watu wawili au watatu walioona: muuza genge, dereva wa bajaji, mwanafunzi. Baada ya mwezi mmoja hutawapata tena.

4. Polisi. Ajali iandikishwe kituoni, na namba ya RB ihifadhiwe. Hapo ndipo inapotolewa fomu ya PF3, ambayo daktari ataijaza kueleza majeraha. Fomu hiyo itolewe nakala mara moja, kwa maana ikipotea ni kazi kubwa. Baadaye aombe mchoro wa eneo la ajali, ripoti ya ukaguzi wa gari na taarifa ya polisi ya ajali yenyewe.

5. Risiti. Kila senti iliyotoka iwe na karatasi: kadi ya hospitali, dawa, picha za eksirei, magongo, nauli ya kwenda kliniki, malipo ya fundi baiskeli. Wekeni bahasha moja nyumbani, kila kitu kiingie humo.

6. Baiskeli isitengenezwe wala kuuzwa chuma chakavu kabla haijapigwa picha. Rimu iliyokunjika kwa nyuma inasema kwa ufasaha kwamba mtu aligongwa kwa nyuma.

Kuhesabu hasara

Sheria inagawa fidia mafungu mawili. Fungu la kwanza ni hasara mahsusi, yaani fedha inayohesabika: matibabu, nauli, chombo kilichoharibika, kipato kilichopotea mpaka siku ya shauri. Hasara hizi lazima zitajwe moja moja katika hati ya madai na zithibitishwe. Mahakama ya Rufani ilisisitiza msingi huu katika uamuzi wake wa mwaka 1992, na mahakama za chini zimeufuata tangu hapo. Dai lisilo na uthibitisho, hata likiwa la kweli, linaweza kukataliwa.

Fungu la pili ni fidia ya jumla: maumivu, mateso, ulemavu, kushindwa kufanya ibada na shughuli kama zamani, kupungukiwa na uwezo wa kuchuma siku za mbele. Hili halina risiti. Hakimu hulipima kwa busara yake, akisaidiwa na ripoti ya daktari. Kwa sababu hiyo ripoti ya daktari isiishie kusema "amevunjika mguu". Ieleze kama mguu umepona sawa, kama umekuwa mfupi, ulemavu uliobaki ni asilimia ngapi, na kama atahitaji upasuaji mwingine.

Tuchukue mfano wa kujifunzia. Muuza samaki ananunua Feri alfajiri na kuzungusha mitaani kwa baiskeli. Tuseme faida yake ni shilingi 12,000 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Anagongwa na gari dogo, anavunjika mguu, anakaa nyumbani wiki 20. Kipato kilichopotea ni 72,000 mara 20, yaani shilingi 1,440,000. Matibabu 450,000. Nauli za kliniki 80,000. Baiskeli na tenga lake 180,000. Jumla ya hasara mahsusi ni shilingi 2,150,000, na hapo bado hatujagusa maumivu wala ulemavu. Sasa mwenye gari anakuja wodini siku ya tatu na shilingi 150,000 na karatasi. Je, huo ni ukarimu au ni biashara?

Mtu atasema, muuza samaki hana hati ya mshahara, atathibitisha vipi kipato? Anaweza kuthibitisha. Daftari lake la mauzo, kumbukumbu za miamala ya simu, ushahidi wa anayemuuzia samaki kila siku, kitambulisho chake cha mjasiriamali, wateja wake wa kudumu. Vyote hivyo ni ushahidi. Hapa tunaona faida ya amri ya Qur'an ya kuandikiana katika mambo ya mali. Mwenye kuandika biashara yake, hata iwe ndogo vipi, ana cha kuonyesha siku ya shida.

Karatasi ya "tumemalizana"

Hili ndilo linalotaka tahadhari kubwa. Karatasi ya kumaliza madai, iwe imeandikwa kwa mkono wodini au imechapwa na kampuni ya bima, kwa kawaida huwa na maneno yenye maana kwamba aliyepokea hatadai tena chochote kuhusu ajali hiyo. Akishatia saini, na madaktari wakagundua baadaye kwamba nyonga nayo imepata hitilafu, mlango utakuwa umefungwa, na kuufungua tena ni kazi ngumu mahakamani.

Basi je, tukatae msaada wa mwenye gari? Hapana. Mwenye gari anayelipia dawa na chakula cha mgonjwa amefanya ubinadamu, na apokelewe kwa shukrani. Lakini iandikwe hivyo: "Nimepokea shilingi kadhaa kusaidia matibabu, na haki zangu nyingine zimebaki." Mwenye nia njema hatakataa maneno hayo. Anayekataa ameshaonyesha alichokuja kununua.

Sulhu ya kweli ina masharti yake. Pande zote zijue ukubwa wa madhara, daktari awe ameshasema mwisho wa majeraha, mashahidi wawepo, na asiwepo anayetiwa hofu au kulazimishwa na njaa. Imamu au mzee wa mtaa akiitwa kusuluhisha, swali lake la kwanza liwe: "Daktari amesemaje?" Asipopata jibu, aahirishe. Kusuluhisha kabla ya kujua madhara ni kugawa mali ambayo haijahesabiwa.

Aidha tujihadhari na vishoka wanaozunguka mahospitalini na vituoni, wakichukua nakala za PF3 na kuahidi kufuatilia bima. Wengine hulipwa wao, na majeruhi akaambulia makombo. Nyaraka halisi zisitoke mikononi mwa familia, na makubaliano yoyote na mwakilishi yawe ya maandishi, yakitaja malipo yake.

Njia ya madai na saa inayohesabu

Baada ya nyaraka kukamilika, hatua ya kwanza ni barua ya madai kwa mwenye gari, nakala kwa kampuni yake ya bima. Barua ieleze tarehe, mahali, namba ya gari, kosa la dereva, majeraha, na hesabu ya hasara, ikiambatana na nakala za nyaraka. Itoe muda wa kujibu. Nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa ihifadhiwe.

Kampuni ya bima ikizungusha watu bila sababu, malalamiko yanaweza kupelekwa TIRA, na ipo pia Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Mapatano yakishindikana, shauri hufunguliwa katika Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Kampuni ya bima ipewe taarifa ya shauri mara tu linapofunguliwa, isije ikapata kisingizio cha kusema haikujulishwa.

Muda sasa. Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 imetoa miaka 3 kwa dai la madhara ya aina hii, kuanzia siku ya ajali. Ikipita, dai linatupwa hata kama mdai ana haki mia kwa mia. Na hapa ndipo wengi wanaponaswa: mazungumzo hayasimamishi saa. Barua za "tunalishughulikia suala lako" zinaweza kuendelea mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, kisha siku moja simu haipokelewi tena. Ukiona mwaka wa pili unakwisha bila malipo, nenda mahakamani huku mazungumzo yakiendelea.

Kwa mtoto aliyegongwa akienda shule au madrasa kwa baiskeli, sheria ina huruma: muda wake huanza kuhesabiwa atakapofikia utu uzima. Lakini mzazi asingoje, kwani mashahidi hawangoji. Na ikiwa mwendesha baiskeli amefariki, mjane, watoto na wazazi waliomtegemea nao wana haki ya kudai chini ya sheria inayohusu ajali za vifo. Eda haimzuii ndugu kukusanya nyaraka kwa niaba ya mjane.

Na asiye na fedha za wakili? Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wapo watoa msaada waliosajiliwa na wasaidizi wa kisheria katika wilaya mbalimbali. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Chama cha Wanasheria Wanawake (TAWLA) ni miongoni mwa taasisi zenye uzoefu wa kuwasaidia wasio na uwezo. Hali kadhalika, marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yameifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, hivyo mdai anaweza kufuata shauri lake kwa lugha anayoielewa.

Kama mwendesha baiskeli naye alikosea

Uadilifu unatutaka tuseme na upande wa pili. Sheria inamtaka mwendesha baiskeli naye awe na breki nzima, taa usiku, na afuate upande wake wa barabara. Aliyekuwa anakatisha ghafla, au gizani bila taa, ataulizwa. Lakini kukosea kwake hakumwondolei haki yote. Mahakama inaweza kugawa lawama: ikiona dereva ana lawama asilimia 70 na mwendesha baiskeli 30, fidia inapunguzwa kwa hiyo 30. Kwa hiyo anayeambiwa "na wewe hukuwa na taa, huna kesi" asikubali haraka. Na kwa upande wake aseme kweli tangu siku ya kwanza kituoni. Kuongeza majeraha ambayo hayapo, au kununua shahidi ambaye hakuwepo, ni haramu, na uongo mmoja ukigunduliwa huangusha na ukweli tisa.

Wajibu wetu

Mwendesha baiskeli mmoja mmoja ni dhaifu. Kampuni ya bima ina mawakili, mwenye gari ana fedha, na muda uko upande wao. Kinachoweza kusawazisha mizani ni jamaa zake. Kila msikiti una vijana waliosoma, wapo wanasheria, wapo wauguzi, wapo askari wastaafu. Je, ni kazi kubwa kuwa na watu wawili ambao, habari ya ajali ikifika, wataenda hospitali na daftari, wakaulize namba ya RB, wakapige nakala ya PF3, wakaandike tarehe ya mwisho wa miaka 3 mahali inapoonekana? Tunachangishana kwa ajili ya matibabu, na ni vema. Lakini mara nyingi tunachangia gharama ambayo kuna mtu anayewajibika kuilipa, wakati wanafunzi wa madrasa na mayatima wangeweza kufaidika na mchango huo.

Ndugu msomaji, kusamehe kubaki kuwa jambo tukufu, na mlango wake uko wazi mpaka siku ya mwisho. Majeruhi akishajua haki yake ni kiasi gani, akaiona mezani, kisha akasema "nimeacha sehemu hii kwa ajili ya Mwenyezi Mungu", huyo amesamehe kweli. Ama yule aliyetia saini akiwa na dripu mkononi, hakusamehe. Alinyang'anywa.

Wallahu a'lam.